Tununue Betri Kwanza, Zana Baadaye

Katika mkutano wa wazazi na walimu wa muhula huu ilikubaliwa kwa sauti moja kwamba shule inunue zana za ufundi za betri, zile zisizo na waya, ili viti na meza zilizovunjika tuzitengeneze sisi wenyewe badala ya kungojea fundi kutoka mjini. Wazazi walichanga palepale. Jambo hili lilitufurahisha sana sisi tulio katika kikundi cha matengenezo, maana twajua kuliko mtu ye yote hesabu ya viti vilivyorundikwa nyuma ya bwalo, na twajua pia ni nani wanaokaa wawili wawili katika kiti kimoja wakati wa kipindi. Kidato cha Kwanza ndio wenye taabu zaidi, kwa kuwa wakubwa huwachukulia vizima.

Tangu siku ile, hata hivyo, yamezuka maneno mengi juu ya kitu gani hasa kinunuliwe. Mzazi mmoja, mwenye nia njema kabisa, ameleta picha ya sanduku kubwa lenye zana sita: drili, grainda, msumeno wa mviringo, mashine ya kufungia boliti, mashine ya msasa, na taa, tena na betri moja ya kuzitumikia zote. Bei yake yakaribia sawasawa na fedha iliyochangwa. Picha imepita mkono kwa mkono mpaka imekunjika, na wengi wamependezwa. Mimi sikupendezwa, nami naomba ruhusa ya wakubwa wangu nieleze sababu zangu hapa kabla Bodi haijakaa.

Kwanza natoa hoja ambayo nadhani ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu anunuapo zana ya betri hanunui zana, ananunua betri. Drili yenyewe ni mota, gia na kifyatulio, vitu ambavyo vikitunzwa hudumu miaka mingi. Betri ndiyo inayochakaa, ndiyo yenye gharama, na ndiyo inayokufunga kwa mwuzaji. Kila kampuni imechonga kitako cha betri yake kwa namna yake, kwa hiyo betri ya kampuni hii haiingii katika drili ya kampuni ile. Wala si kampuni mbalimbali tu. Bosch wana zana za rangi ya kijani kwa matumizi ya nyumbani na za buluu kwa mafundi. Zote mbili zaweza kuandikwa volti 18, lakini betri za kijani haziingii katika zile za buluu. Makita nao wana jamii ya volti 18 na jamii nyingine ya volti 40, na betri za jamii moja hazikai katika zana za jamii ya pili. Basi anayechagua betri leo amekwisha kuchagua drili, na grainda, na kila kitu kitakachonunuliwa na shule hii baada ya sisi kumaliza na kuondoka.

Hii ndiyo sababu nauliza juu ya lile sanduku: betri yake ikifa, itapatikana wapi nyingine? Nimekwenda mwenyewe siku ya Jumamosi katika maduka matatu ya vifaa vya ujenzi mjini. Jina lililo juu ya sanduku lile halikujulikana katika duka hata moja. Muuza duka wa tatu, mzee mmoja mpole, aliniambia, “Mwanangu, hizo huja na meli, na meli ikisharudi jina limebadilika.” Siku betri ile itakapokwisha, tutakuwa na zana sita nzima za kuwekea milango isifungwe na upepo.

Jambo la pili ni namba kubwa zilizoandikwa ubavuni. Sanduku lile lajivunia “48V”, na wapo waliosema kwamba 48 ni zaidi ya 18, basi yafaa tuchukue yenye nguvu zaidi. Hapa naomba tufanye hesabu kidogo ya Fizikia, maana ni aibu kwa shule yenye maabara kudanganywa na karatasi ya gundi. Ndani ya betri hizi mna seli za lithiamu, aghalabu za duara, upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida. Seli tano zikipangwa moja baada ya nyingine hutoa volti 18. Zikiwa zimetoka kuchajiwa sasa hivi, kila moja hufika volti 4 na kidogo, na jumla huwa 20 na ushei. Kwa hiyo DeWalt huiandika betri yao “20V Max” huko Marekani, na betri ya namna ileile huiandika 18 huko Ulaya. Hapo hapana uongo: mmoja amesema urefu wa mtu akiwa amevaa viatu, mwingine akiwa peku.

Volti 48 ni habari nyingine. Kuzipata kwa seli za namna hii kwataka seli 13, na ye yote anayeinua betri ile kwa mkono atatambua kwamba haziwezi kuwamo. Kuna fundi mmoja jirani na shule mwenye drili ya namna hiyo iliyoandikwa 48. Alituazima betri yake, na Mwalimu wetu wa Fizikia akaturuhusu kuipima kwa voltimita baada ya kuchajiwa usiku kucha. Mshale ulisimama kwenye 20 na nusu. Gawa kwa tano upate 4.1. Ni betri ya volti 18 kama nyingine zote, ila imevaa koti la mtu mkubwa. Fundi mwenyewe alicheka tu, akasema drili inafanya kazi na yeye hana ugomvi nayo. Sawa, nami sina ugomvi na drili yake. Ugomvi wangu ni kwamba mtu aliyekudanganya namba iliyo nje, namba isiyoonekana iliyo ndani utamwamini vipi?

Na ile namba ya ndani ndiyo yenye maana, nayo ni ampea-saa. Tulitazame tangi letu la maji lililo juu ya mnara. Volti ni kama urefu wa mnara, unaosukuma maji kwa nguvu. Ampea-saa ni ukubwa wa tangi lenyewe. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, ndiyo kazi yote iliyomo. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Ya ampea-saa 5 ina wati-saa 90, ila ina seli kumi badala ya tano, na mkono huujua uzito wake mtu akiwa juu ya ngazi anafunga wavu wa dirisha.

Sasa tutazame kazi zetu zenyewe, maana zana huchaguliwa kwa kazi wala si kwa picha. Kazi yetu kubwa ni viti na meza. Viti vya shule hii vina miguu ya chuma cha mraba na makalio ya mbao, na huharibika kwa njia mbili tu: skrubu hutoka na ubao ukaanguka, au chuma huachana pale kilipochomelewa. Viti vya namna ya kwanza ndivyo vingi. Kuvitengeneza kwataka kutoboa bomba jembamba la chuma, kutoboa ubao, na kukaza skrubu. Baada ya viti, zipo bawaba za milango ya bweni, vitasa, rafu za maktaba, mbao za matangazo na nyavu za mbu. Katika kazi zote hizi sioni hata moja isiyowezekana kwa drili ndogo ya volti 18.

Nami nasema “ndogo” kwa makusudi. Wenzangu wavulana wapenda kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Kwa skrubu ya kiti nguvu ikizidi ni hasara: skrubu huzama mpaka ikatokea upande wa pili, au kichwa chake kikalika, na hapo ubao umekwisha. Kinachotakiwa ni ile pete yenye namba iliyo nyuma ya kinywa cha drili, ambayo mafundi huiita klachi. Ukiiweka kwenye namba ndogo, skrubu ikishakaza kiasi drili hulia tra-tra-tra na kuacha kusukuma. Msichana wa Kidato cha Kwanza aliyejiunga nasi mwezi wa pili alifunga makalio ya viti vinane asubuhi moja kwa drili ya kuazima yenye klachi, na hakuharibu hata skrubu moja. Sitawataja wavulana waliotumia bisibisi ya mkono siku hiyo hiyo wala hesabu yao.

Lakini mbao zenyewe lazima zitobolewe kwanza kwa keni nyembamba kuliko skrubu. Ubao wa mninga haumstahi mtu; ukiusukumia skrubu bila tundu hupasuka kama muwa. Nimesikia mzee mmoja seremala, ambaye mtoto wake yuko shuleni hapa, akilalamika kwamba zana hizi za betri zitatusahaulisha kazi ya mkono. Shikamoo mzee wangu, lakini sikubali. Drili haichagui ubao, haijui njia ya nyuzi za mti, wala haipimi pembe. Randa, patasi, msumeno na kekee ya mkono zibaki pale pale ukutani, tena zinolewe, maana nyingine hivi sasa hazikati hata ugali uliopoa.

Grainda ni habari nyingine, na hapa ndipo lile sanduku lapoteza fedha ya wazazi. Kukata chuma kunakula umeme sana. Grainda ndogo ikikata kwa nguvu yaweza kutaka wati 700 hivi. Betri kubwa ya wati-saa 90, ukigawanya, itakwisha katika dakika nane. Betri ndogo itakwisha katika dakika tatu, tena ikiwa ya moto mkononi, na joto ndilo adui mkubwa wa seli hizi. Kisha fikirini: kiti ambacho chuma chake kimeachana hakitengenezwi bila kuchomelea, na mashine ya kuchomelea hutaka umeme wa ukutani. Ikiwa umeme upo kwa kuchomelea, upo pia kwa grainda ya waya. Na ukikatika, grainda ya betri itatusaidia kukata vyuma ambavyo hatuwezi kuviunga. Basi grainda iwe ya waya, ikae karakana karibu na soketi. Ni rahisi kwa bei, na haichoki.

Msumeno wa mviringo sitausemea mengi. Ni zana ya hatari mikononi mwa wanafunzi, na mbao zetu hukatwa kiwandani kwa bei ndogo. Ile mashine ya kufungia boliti ni nzuri kwa mafundi wa mapaa na wa magari. Sisi hatuna paa la kufunga wala gari.

Kutoboa zege na tofali kwataka neno moja. Drili nyingi za betri zina alama ya nyundo, nayo yafaa kwa tundu dogo katika tofali, kama la kutundikia ubao wa matangazo. Kwa nguzo za zege haifai, utasukuma mpaka jasho likutoke. Kazi hiyo ina mashine yake, ambayo ndani yake mna pistoni ya kugonga, na keni zake hushikwa kwa mfereji wa namna ya SDS ambao Bosch waliutoa mwaka 1975. Twahitaji mashine hiyo labda mara mbili kwa mwaka. Tuikodi.

Huenda mtu akauliza, kama kazi zetu ni chache hivi, kwa nini basi tusinunue drili ya waya ambayo ni rahisi zaidi? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba madarasa ya Kidato cha Pili hayana soketi hata moja, bweni la wasichana lina mbili, na waya mrefu wa kuvuka uwanja tulio nao umefungwa kwa plasta mahali pane. Nimeuhesabu. Mwalimu wa zamu huufumba macho anapoupita. Kuondoa waya ule chini ya miguu ya wanafunzi mia kadhaa ni sababu ya kutosha, hata kama pasingekuwa na sababu nyingine. Na siku umeme ukikatika asubuhi, betri iliyochajiwa usiku itafanya kazi.

Zana hizi wala si jambo geni la jana. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, ikitumia seli za nikeli na kadimiamu, na wale wanaodai kwamba ilibuniwa kwa ajili ya kwenda mwezini wamegeuza tarehe. Safari ya Apollo 15 iliyotoboa udongo wa mwezi kwa drili ya betri ilikuwa mwaka 1971. Seli zile za zamani zilikuwa nzito na zilipoteza chaji zikikaa tu. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuzipiga marufuku katika zana za namna hii kuanzia mwisho wa mwaka 2016, kwa sababu kadimiamu ni sumu. Nasema haya kwa sababu mtu mmoja amejitolea kutupa drili yake ya zamani yenye betri za namna hiyo. Tumshukuru kwa ukarimu wake, lakini shule isiipokee, maana betri zake hazitapata mahali pema pa kutupwa hapa kwetu.

Sasa nasema ningenunua nini. Ningenunua drili moja ya volti 18, ya kampuni ambayo betri zake zinauzwa mjini kwetu leo hii, katika maduka zaidi ya moja, na kwa muuzaji anayeandika dhamana juu ya risiti. Ningechukua betri mbili ndogo za ampea-saa 2 badala ya moja kubwa ya 5. Najua kwamba 36 mara mbili ni 72, nazo ni pungufu ya 90. Lakini moja ikifanya kazi nyingine huchajiwa, na moja ikifa kazi haisimami. Kadhalika ningetazama chaja, kitu ambacho hakuna anayekitazama. Chaja huandikwa ampea zake. Ya ampea 2 itaijaza betri yetu kwa saa moja na kidogo. Ile ndogo ya nusu ampea itachukua saa nne na zaidi, na Jumamosi imekwisha. Katika picha ya lile sanduku chaja haionekani hata kidogo.

Kuna hoja ya mota isiyo na brashi, ambayo wauzaji huisifu sana. Sifa zake ni za kweli. Katika mota ya kawaida vipande viwili vya kaboni husuguana na sehemu inayozunguka, hupoteza nguvu kwa joto, na huisha. Ile isiyo na brashi huongozwa na saketi, haina msuguano huo, na hutumia betri kwa uangalifu zaidi. Kwa fundi afanyaye kazi kutwa kucha ningemshauri aichukue bila kusita. Kwa shule inayofanya kazi asubuhi moja kwa juma, ningechukua yenye brashi, na tofauti ya bei ningeiweka katika ile betri ya pili. Brashi za kaboni hubadilishwa kwa bisibisi na fedha kidogo. Saketi ikiungua, hapa kwetu ni kununua drili nyingine. Mwalimu wetu wa Fizikia hakubaliani nami katika jambo hili, na amesema ataandika katika toleo lijalo. Namkaribisha kwa heshima.

Fedha itakayobaki ingetosha grainda ya waya, seti nzuri ya keni za chuma na za mbao, miwani ya kukinga macho jozi tatu, na skrubu. Narudia: skrubu. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, nasi tumekwisha kuona skrubu laini za bei ya bure zikikatika shingo ndani ya mbao, drili ikasingiziwa.

Limebaki swali la utunzaji, nalo naliogopa kuliko la ununuzi. Stoo yetu ni ya mabati matupu, na mwezi wa kumi na mbili mtu hawezi kuweka mkono ukutani. Betri zikiachwa humo likizo nzima, tena zikiwa tupu, tutarudi Januari tukute zimekufa. Kabla ya kufunga shule zijazwe kiasi cha nusu, zitolewe katika drili, na ziwekwe kabatini ndani ya ofisi yenye kivuli. Na chaja, naomba sana, isikae bwenini hata usiku mmoja. Iwekwe katika ofisi ya Mwalimu wa Ufundi, na soketi yake iandikwe kwa rangi nyekundu, kwa kuwa twajuana: soketi ikionekana wazi, haitapita saa kabla haijachomekwa simu, na mwenye simu hatajulikana.